Mlango wa Jikoni

Tarehe 9 Februari

Kwako mwanangu,

Salamu kwanza, maana hata mahabusu anasalimiwa. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonisumbua nikisimama buchani kutwa. Binti yangu mkubwa amejifungua mtoto wa kiume, ana sauti ya gari lisilo na ekzosi. Friji la bucha limegoma tena, kwa hiyo nauza nyama mbiombio kabla haijanibadilikia. Paka wa jirani amekwisha kuligundua hilo, siku hizi anawahi kazini kuliko mimi.

Hayo ndiyo ya heri. Sasa nikuulize: una akili wewe?

Nimesimuliwa na kila mtu aliyekuwepo pale gereji, na wengine ambao hawakuwepo. Kila mmoja anaanzia pake, lakini wote wanaishia pamoja. Kwamba kazi zilikuwa zimeisha, wewe na Bati mmekaa kwenye kreti zenu za soda, mnacheza chesi juu ya lile boneti bovu mlilolichora miraba, kama mlivyofanya tangu mkiwa wanafunzi wa ufundi, yeye wa bodi na wewe wa injini. Kwamba Bati alisema neno, watu wakacheka. Ukainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ukainuka na wili spana, ile ya kufungulia tairi, ukampiga ya taya. Alipoanguka ukampiga nyingine. Fundi umeme anasema ulimpiga tena akiwa hana fahamu, ndipo wakakushika, ukawaponyoka ukakimbia na spana yako mkononi. Ulikokimbilia na ulichofanya huko sikiandiki hapa. Wewe unajua, mimi najua, na aliyefanyiwa amelala chumbani kwangu.

Nimekwenda hospitali kumwona Bati. Mwanangu, mimi nimepasua mafuvu ya ng'ombe maisha yangu yote, na nilitoka nje nikashika ukuta. Taya limehama. Jicho moja halionekani lilipo. Anapumua kwa mrija, na mama yake amekaa pembeni anampepea nzi ambao hawapo.

Kaka yangu alipofariki, nilikuchukua ukiwa unapigana na kila mtoto wa mtaa. Mchezo ule nilikufundisha mimi, kwenye kaunta ya bucha, nikidhani mtu akizoea kukaa na kufikiri, mkono nao hutulia. Nilijidanganya, na ninaona uchungu kuliandika hili.

Niandikie. Ya gereji nimeyasikia, nataka nilisikie kwako: Bati alisema nini?

Shangazi yako



Tarehe 2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mpe dada hongera ya mtoto. Kuhusu friji, mwambie fundi aangalie geji ya gesi kabla hajakuuzia mota mpya, wale ni wezi. Mimi nipo. Humu tunalala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote tunageuka. Siku za mwanzo walinipiga kwa sababu ya blanketi, nikapoteza jino la mbele. Nami nilimng'ata mmoja sikio mpaka nikasikia linaachia. Sasa hivi tunagawana sabuni bila maneno.

Umeuliza alisema nini. Nakuandikia kama nilivyomwandikishia polisi.

Unazijua kete zetu: nati ndogo ndizo vile vikete vya mbele, mnyororo wa pikipiki ndiyo farasi, bolti ndefu ndiyo askofu, valvu ndiye mfalme, na plagi ndiyo malkia. Zake za chuma kitupu, zangu zimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Basi, farasi wake aliruka akanikaba mfalme, na kule kuondoka kwake kukamfungulia njia askofu aliyekuwa amejibanza kona kule pembeni. Nikamsogeza mfalme, ningefanya nini. Askofu akatoka mbio ubao mzima akamla malkia wangu. Bati akawageukia watu, akasema: "Malkia wako nimemla tangu mwanzo, bwana. Wewe tu ndiye ulikuwa hujui."

Shangazi, mke wangu namwita nani? Wateja wanajua, vijana wanajua, hata yule anayetuletea chai anauliza, Malkia hajambo? Wote wakacheka. Mwanamume gani angeendelea kukaa kwenye kreti? Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa, na siku ile ulivunja wa mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili niliyepewa na serikali anasema maneno hayo ndiyo yatakayoniokoa. Nenda kwa fundi umeme, alikuwa amesimama nyuma yangu. Mwombe aje aseme aliyoyasikia, asiongeze wala asipunguze.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao



Tarehe 28 Machi

Kwako mwanangu,

Goti ni lile lile. Mtoto wamempa jina la marehemu baba yako, kwa hiyo sasa naweza kumgombeza kaka yangu tena kila asubuhi. Friji limepona. Ni gesi kweli.

Unasema nikusalimie "wote". Wote ndio nani? Mbona barua nzima hukumtaja mtu mmoja unayepaswa kumtaja? Basi nitakutajia mimi. Mkeo hajambo kwa maana ya kwamba anakula. Ule mkono wa kulia, ambao uliuweka juu ya meza ya cherehani ukaugonga kwa spana iliyokuwa bado na damu ya mwenzako, wameufungua plasta. Vidole havikunji. Jana alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikamwona kutoka mlangoni, nikarudi zangu. Hujamuulizia. Nami nilikuwa nimeapa sitaandika mpaka uulize, lakini nimeshindwa na hasira.

Jambo la pili. Bati amefariki. Hakuzinduka. Tumemzika, na ninaposema tumemzika nina maana nilisimama mbali, nyuma ya ukuta, maana kaka zake walikuwa wamesema wakiniona watanitia humo humo. Usiku ule ule walikuja kwangu na mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni na kisu changu cha kuchunia, nikawaambia waingie, lakini wa kwanza atatoka kwa mafungu. Mdogo wao alirusha jiwe likampata binti yangu begani akiwa amembeba mtoto. Hapo nilishuka ngazi. Nilimkata mkono, si sana. Mama yao ndiye aliyekuja kuwaondoa. Alinitazama tu, na bora angenitukana.

Sasa fundi umeme. Nimekwenda. Anakubali maneno uliyoyaandika, neno kwa neno. Lakini anasema aliyasikia Bati akiwa ameishika plagi yako nyekundu juu, anawaonyesha watu. Walicheka kwa sababu ililiwa kweli. Plagi yenyewe aliiokota chini ya gari, akanipa, ninayo kwenye droo ya buchani. Na wewe, tangu unavaa kaptula unawala watu farasi na maaskofu, umetaniwa hivyo mara ngapi? Hukujua kuwa kwenye ubao watu wanakula?

Na kuna lingine alilonieleza kwa sauti ya chini. Anasema mchezo ulipokuwa bado mbichi, kete chache tu zimesogea, uliinuka. Ukaenda kwenye gari ulilokuwa unalibadilishia tairi, ukarudi na wili spana, ukaiweka chini ya kreti yako. Ukaendelea kucheza. Hili hajamwambia polisi.

Kwa hiyo usiniletee habari za malkia. Spana ilikuja kabla ya neno. Kuna kitu unanificha, na mimi ndiye niliyekuwa nakupekua mifuko ukitoka shule.

Shangazi yako



Tarehe 17 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii haipiti ofisini, maana zinazotoka wanazisoma, zinazoingia ndizo hawazijali. Anakuletea mtu anayetoka leo, ana kovu shingoni, usimwogope, mpe chakula. Pole kwa dada na bega lake. Kesi imebadilishwa, sasa ni ya kuua. Nimekaa muda wote huu bila kuandika kwa sababu uliniuliza swali ambalo nikilijibu kwenye karatasi ya ofisi, nimejitia kitanzi mwenyewe. Ukimaliza kusoma, choma.

Siku ile ilikuwa zamu ya Bati kuanza. Unajua Bati anavyocheza. Miaka yote anasukuma nati iliyo mbele ya mfalme, anamtoa malkia mbiombio, nami namfunga kabla chai haijapoa. Siku ile aliigusa nati ya pembeni, ya pili kutoka ukingoni, akaisogeza hatua moja. Nyuma yake akamweka askofu, pale konani, anachungulia ubao mzima. Akanitazama usoni, akatabasamu, akasema: "Leo naingilia mlango wa jikoni."

Shangazi, nilisahau kuwa ni zamu yangu kucheza.

Jina hilo si la kitabuni. Ni lako wewe. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mwenye nguvu kidogo asiingilie barazani ambako mbwa wamefungwa, apite jikoni. Wanaolijua duniani ni watu watatu: wewe uliyelitunga, mimi uliyenipa, na yule niliyemfundisha mwenyewe, mvua ikinyesha, umeme umekatika, tunacheza kitandani kwa tochi. Bati kalitoa wapi? Tena mlango wa jikoni wa nyumba yangu, kitasa kilipoharibika, nani alikuja kukitengeneza nikiwa kazini? Bati. Tena alikataa kulipwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ndipo nilipokwenda kuchukua spana. Sikujua nitaifanyia nini, nakuapia. Nilitaka tu iwe karibu. Nikarudi nikacheza, na kila hatua nilikuwa namwomba Mungu Bati akosee, acheze upuuzi wake wa siku zote, nijue kuwa ni bahati mbaya ya maneno. Hakukosea. Alicheza kama tunavyocheza nyumbani. Nilikuwa namwona mke wangu ndani ya vidole vyake. Aliposema lile la malkia nilikuwa nimekwisha kumuua kichwani, mkono ulichelewa tu kufika. Nakumbuka sauti ya taya. Ilikuwa kama kuvunja kikombe ndani ya taulo. Nakumbuka pia nilisikia raha, na hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa wakili. Ya spana hayajui, na fundi umeme akinyamaza hatayajua. Yeye anataka iwe hasira ya ghafla: mume aligundua hapo hapo kwamba rafiki yake analala na mkewe. Jaji akiamini, kuua kunashuka kunakuwa kuua bila kukusudia, nitatoka ningali na nguvu. Lakini neno la mezani halitoshi. Anataka mke aje akiri, au mtu wa nyumbani aseme aliona dalili. Shangazi, kwangu ni shingo, kwake ni aibu ambayo watu wataisahau. Ongea naye. Na umuulize, kwa niaba yangu, ilianza lini.

Mwanao



Tarehe 30 Agosti

Kwako mwanangu,

Mtoto ameota jino. Bega la binti yangu limepona ila mvua ikinyesha linauma. Yule wa kovu alikula sahani mbili, akanisaidia kubeba mguu wa ng'ombe, ni mtu mzuri kuliko wewe.

Barua yako iliwahi kufika. Niliisoma buchani, nikafunga mlango mchana kweupe, wateja wakagonga wakachoka. Tangu hapo kila nikishika kalamu naishia kwenye salamu. Sikuichoma.

Ni mimi.

Bati alikuwa akija kwangu kuchukua mifupa ya yule mbwa wa gereji. Siku moja akakaa kwenye gogo la nyama akaanza kulalamika. Alisema umemfunga tangu mkiwa vijana, ukimfunga unawatangazia wateja, na siku moja ulimtangazia hata mchumba wake, yule mwenye macho ya usingizi uliyekuwa ukimtania naye. Akaniomba nimpe dawa yako. Nikacheka, nikapanga vifuniko vya soda kwenye kaunta, nikamwonyesha nati ya pembeni na askofu wa kona. Alikuwa mzito, maskini, alirudi mara nyingi. Mimi nakatakata, yeye anasogeza. Akaniuliza huu mtindo unaitwaje. Nikamwambia sisi nyumbani tunauita mlango wa jikoni.

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema, "Shangazi, usimwambie kitu. Nitaanza, halafu nitalitaja jina. Nataka nione sura yake akijua kwamba umeisaliti siri yake." Alikuwa na hakika kwamba ukilisikia tu utakuja mbio buchani kunigombeza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa na majibu.

Ungekuja. Kutoka gereji mpaka kwangu hata jasho halikutoki. Ungenipigia kelele, mimi ningekucheka, na Bati angekuwa anagonga mabati mpaka sasa.

Usiniambie mbona sikusema mapema. Hukunitajia jikoni hata mara moja. Gereji nzima ilinisimulia malkia, malkia, kwa sababu lile jingine kwao halikuwa neno, lilikuwa kelele za mtu anayeanza mchezo. Ni wewe uliyelificha. Na kitasa, kama unataka kujua, mkeo alikuagiza wewe ukitengeneze mpaka akachoka, akamwomba Bati mbele yangu, hapa hapa kwenye kaunta.

Nikuambie kinachoniuma kuliko yote. Uliwahesabu watu watatu vizuri sana. Halafu ukamtoa mmoja bila hata kumfikiria, ukambakiza mwingine bila hata kumuuliza. Mimi ulinitoa kwa kuwa ni shangazi. Yeye ulimbakiza kwa kuwa ni mwanamke.

Nilimsomea barua yako yote, pamoja na lile swali lako la ilianza lini. Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Alitoa kokoto moja akaitupa, kisha akauliza, "Kwa hiyo mkono wangu ni kwa ajili ya nati?"

Nilichukua ungo nikamalizia mchele mimi. Labda wewe unalo la kumjibu.

Sasa fanya unavyotaka na wakili wako. Amenipigia simu, ana sauti laini, anasema nikija kusema kidogo tu, "niliona dalili", inatosha. Mimi ni mzazi wako, na usidhani sikulala nikiifikiria hiyo "kidogo tu". Nilikuona mdogo, umelala kwenye gunia la mkaa, na nikasema nitakwenda nitasema. Asubuhi mkeo akanipa chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika, akaomba radhi. Siji. Nikija nitakushika shati mbele ya jaji. Marehemu alikuwa na mchumba na mama, na mkeo aliyebaki ana jina lake tu, maana mkono umekwisha kumchukulia. Ukitaka kulichukua na hilo, lichukue mwenyewe, ukiwa umesimama.

Shangazi yako



Tarehe 11 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Sijui jino la mtoto limefuatwa na mengine mangapi. Mimi ni mzima. Baada ya barua yako nilipigana tena, ila safari hii sikurudisha. Mtu alinikanyaga mkono wakati wa kula, nikamsukuma, wakaja wenzake. Nilijikunja nikawaacha. Nilitaka kujua inakuwaje ukiwa upande ule. Mbavu zimeunga, lakini nikicheka zinanikumbusha, na hapa hakuna cha kuchekesha.

Kesi imesikilizwa. Wakili alikuwa amenipanga vizuri, aliniazima na tai. Mpaka napanda kizimbani nilikuwa bado sijui nitasema nini. Usinione shujaa, nilitaka kutoka. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno, mke wangu na marehemu, yako hapa kwenye ulimi.

Wakili akaniuliza aliyotaka kuniuliza. Aliniambia niieleze mahakama marehemu alikusudia nini aliposema, malkia wako nimemla tangu mwanzo. Akanipa ishara ya kichwa. Nikamwona mama yake Bati. Alikuwa amekaa nyuma, ananisikiliza kwa mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kuambiwa mwanawe alikuwa nani.

Nikasema, "Alikusudia plagi, mheshimiwa."

Watu walicheka. Jaji aliwanyamazisha, akaniambia nirudie, nikarudia. Nikaeleza kwamba kwetu plagi ndiyo malkia, na tangu alipomweka askofu pembeni plagi yangu ilikuwa imekwisha kuliwa, ila mimi sikuwa nimeliona hilo. Nikasema alisema kweli tupu ya mchezo. Wakili aliomba mapumziko, jaji akamnyima. Nikaona nikinyamaza hapo nitarudi nyuma, nikamalizia lote: nilivyoinuka kwenda kuchukua spana, nilivyoiweka chini ya kreti, nilivyompiga akiwa amelala. Na nilikokwenda baadaye. Karani aliniuliza mkono upi. Nikasema wa kulia, ule wa mkasi.

Kitanzi nimekikosa kwa kuwa nilikiri, wamenipa kifungo cha maisha. Wakili alichukua tai yake hapo hapo.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja na haondoki, amekaa. Usiku najiona naisogeza kreti, nainuka, natoka, nakuja buchani kukugombeza. Nafika mpaka mlangoni kwako. Bati yuko nyuma yangu anacheka.

Mwambie Malkia simwombi chochote. Nauliza tu mkono wake unaendeleaje.

Mwanao



Tarehe 3 Desemba

Kwako mwanangu,

Goti limetulia kwa sababu ya joto. Mtoto anatambaa, juzi amemkamata paka mkia, paka amehama.

Barua yako nimeisoma. Nililia, na wewe unajua mimi si mtu wa hivyo. Nakupenda, jinga wewe, nami nitazeeka nikikuletea sabuni. Nilikwenda kwa mama yake Bati kumwomba radhi kwa ule mlango wa jikoni. Aliniacha nimesimama uani muda mrefu, kisha akaniletea kiti. Kaka zake wanapita mbele ya bucha, hawanunui, lakini hawatemi mate tena.

Plagi nilimrudishia fundi umeme. Akaniuliza aifanyie nini. Nikamwambia aifunge kwenye gari, ndiyo kazi yake.

Umeuliza mkono. Vidole havitakunja. Anajifunza mkasi kwa kushoto, anapinda, anafumua, anaanza upya, na gauni la kwanza aliloshona lilikuwa baya sana tukalicheka wote wawili. Mwezi ujao anahamia chumba chake mwenyewe. Nilimpa salamu zako kama ulivyoziandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukata kitambaa, halafu akasema nikuambie usimwite tena Malkia. Alisema lile lilikuwa jina la kete.

Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kumuulizia, muulizie kwa jina alilopewa na mama yake. Kama umelisahau, usiulize.

Shangazi yako